Damu ya Kina Nyamburi

Wanawake walikuwa wameketi mbele ya nyumba ya Wankyo wakichambua pamba, ile safi upande huu na ile chafu, fifi, upande ule. Eufrasia alikuwa amekwisha kulijaza kapu lake, akainuka ili amsaidie mama mkwe wake kupanga masuke ya mtama yaliyotengwa kwa ajili ya mbegu. Hakuyafikia. Wankyo aliuvuta ungo, akaufunika kwa upande wa kanga yake, akasema bila kupandisha sauti:

"Haya ni ya kupanda. Mkono uliokauka hauyagusi."

Mikono ya wanawake wengine ilisimama kidogo, kisha ikaendelea na pamba kwa haraka kuliko mwanzo.

"Mwaka jana niliyagusa, mama, na yakaota," Eufrasia alisema.

"Mwaka jana nilikuwa sijajua."

Eufrasia alirudi kuketi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, upepo ulikuwa ukitoka upande wa ziwa, lakini joto lile lisilo na sababu lilimpanda tena kutoka kifuani hadi usoni, na jasho likaanza kumtiririka shingoni. Jirani mmoja, Mama Stanislausi, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mikono, aliwageukia wenzake.

"Mtazameni. Jua halijapata nguvu naye ameloa kama aliyevuka mto. Ndugu mwalimu, hiyo elimu ya watu wazima huchemkia tumboni au kichwani? Maana sisi wajinga tulikuwaga tunatoka jasho siku ya kuzaa tu."

Walicheka wote. Hata yule binti wa jirani ambaye Eufrasia alimfundisha kuandika jina lake alicheka, akiwa ameinamisha uso.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano. Kijiji chao, si mbali na Nyamuswa, kilikuwa kimeundwa mwaka uliotangulia, watu walipohamishwa kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani wakapangwa kwa mistari, nyumba ikitazama mgongo wa nyumba nyingine. Zamani mwanamke aliweza kuficha mambo yake nyuma ya kichaka chake mwenyewe. Sasa kila mtu alijua jirani yake ameinjika nini jikoni. Ndivyo Wankyo alivyotambua kwamba mke wa mwanawe hakuwa tena akianika vitambaa vyake vya mwezi nyuma ya nyumba, na kwamba hata hivyo tumbo lake halikupanda. Kutokana na mambo hayo mawili alijenga la tatu: kwamba Eufrasia, aliyefundisha watu wazima kusoma na aliyewahi kuhudhuria kozi katika chuo cha Buhare, alikuwa amemeza vidonge vya majira ili akifunge kizazi chake kwa makusudi. Lilikuwa kosa, lakini lilikuwa kosa lililojengwa vizuri, na watu huliamini lililojengwa vizuri kabla ya kuiamini kweli.

Eufrasia alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na mtoto mmoja tu, Jeska, msichana wa miaka sita.

---

Mumewe, Felisian, alikuwa mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, mtu mpole kwa namna ambayo haikumsaidia mtu yeyote. Mama yake alipomtaka aoe mke wa pili, alijibu kwamba Kanisa halimruhusu. Alipomtaka amfukuze wa kwanza, alijibu kwamba atafikiri. Wankyo, ambaye hakubatizwa na hakukusudia kubatizwa, alichoka kusubiri fikira za mwanawe. Akampelekea habari Mzee Wanzagi, mkubwa wa ukoo wao.

Wanzagi alifika jioni, akakataa chai, akaeleza sheria akiwa amesimama. Alisema kwamba ukoo utakaa Jumamosi, na ndugu wa mke wataitwa kutoka Butiama. Mwanamke aliyekifunga kizazi chake mwenyewe amewaibia watu waliomtolea ng'ombe: atarudi kwao, mahari itarejeshwa, na mtoto atabaki kwa baba yake. Lakini ikiwa ni ugonjwa wa ukoo wa mke, mke hafukuzwi, kwa kuwa mgonjwa hafukuzwi.

"Ila ugonjwa wa ukoo hutangazwa," alisema. "Hutangazwa kwa koo zote tunazooana nazo, ili kila mtu ajue ni damu gani anaichanganya na yake."

Eufrasia alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Wakati huo hakuyatilia maanani maneno hayo ya mwisho. Alijua tu kwamba hakuwahi kumeza kidonge chochote, na kwamba kama angepata mtu mwenye elimu wa kulithibitisha hilo, angebaki katika nyumba yake pamoja na mwanawe. Kesho yake alipanda basi kwenda Musoma.

---

Hospitalini alielekezwa kwenye benchi, akaketi. Muuguzi aliyepita na faili alimtazama kiunoni.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Sina mimba."

"Sasa unatafuta nini kwenye benchi la wajawazito? Inuka, wenzako wamebeba."

Wenzake waliobeba walijisogeza kabla hata hajainuka, wakajaza nafasi yake. Alisubiri akiwa amesimama ukutani mpaka alipoitwa.

Daktari alikuwa mtu mkavu, hodari wa kuuliza na mvivu wa kufariji. Aliuliza kama aliwahi kupasuliwa tumboni na kuondolewa uvimbe katika vifuko vya mayai. Hapana. Kama aliwahi kutibiwa saratani kwa dawa kali au kwa mionzi. Hapana. Kama aliugua matubwitubwi akiwa mkubwa. Hapana. Kama ana uvimbe wa shingo, au kama ngozi yake ina mabaka. Hapana. Kama anavuta tumbaku, kwa sababu moshi nao huuharakisha wakati wa kukoma hedhi. Eufrasia alijibu kwamba nyumbani kwao anayevuta kiko ni mama mkwe wake, naye alikoma baada ya kuzaa watoto tisa. Daktari hakucheka. Eufrasia alimuuliza kama dawa ya kunyunyizia pamba ingeweza kuwa chanzo, maana wao huichanganya kwa mikono mitupu. Daktari alisema kwamba hawezi kuapa kwa ndiyo wala kwa hapana, ila aache kuichanganya kwa mikono mitupu.

"Mama yako mzazi alikoma akiwa na umri gani? Na dada zake?"

"Sijui."

"Hujui, au hukuuliza?"

"Kwetu mtoto haulizi hayo."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na kwa walio wengi hutosha mpaka karibu na miaka hamsini. Kwa wachache huisha mapema mno, na yeye alionekana kuwa mmoja wao. Mara nyingi sababu haipatikani. Lakini mara nyingine jambo hilo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

"Kauliza," alisema. "Kama ni la kwenu, wewe huwezi kusaidiwa sana. Lakini ukiwa na binti, binti aambiwe mapema. Asije akadhani ana muda mrefu kama wenzake."

Hapo ndipo maneno ya mwisho ya Mzee Wanzagi yalipomrudia Eufrasia, na mara hii yalikuwa na uso wa Jeska.

---

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Butiama. Nyamburi alikuwa akisaga ulezi, na alipoulizwa swali hakuliinua jiwe lake.

"Nani amekutuma kwangu na maneno hayo?"

"Daktari."

"Huyo daktari ameoa kwetu?"

"Mama, Jumamosi ninafukuzwa. Nijibu."

Nyamburi alisaga konzi nyingine nzima kabla ya kusema. Alisema kwamba yeye mwenyewe damu ilimkoma alipokuwa hajatimiza miaka thelathini, akiwa amewazaa wawili tu, Eufrasia na kaka yake Danford. Dada yake, aliyeitwa Kwangu, ilimkoma kabla hajazaa hata mmoja. Mama yao pia ilimkoma mapema.

"Unadhani kwa nini Kwangu alioa?" aliuliza. "Unadhani alikuwa akijivuna?"

Katika nchi ile, mwanamke mwenye ng'ombe aliyekosa mwana aliweza kutoa mahari na kumwoa binti. Binti akazaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto wakaitwa wa nyumba ya yule mwanamke. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Kwangu alikuwa na wake wawili wa namna hiyo, na mama yake kabla yake alikuwa na mmoja. Posa ya Felisian ilipokuja, wachunguzi walifanya kazi yao kama ilivyo ada: waliuliza juu ya ukoma, wazimu, wizi na uchawi, wakaoneshwa boma la Kwangu, zizi lake na wake zake, wakarudi kwa Wankyo wakisifu kwamba wanawake wa nyumba ile ni matajiri hata huoa. Waliwahesabu ng'ombe. Hawakujiuliza ni uhitaji gani uliomlazimisha kila mwanamke wa nyumba ile kutafuta tumbo la mwenzake.

"Ulijua, ukaniacha," Eufrasia alisema.

"Sikukuacha. Nilikuambia uolewe ulipokuwa na miaka kumi na sita. Nilikuambia mpaka midomo ikakauka. Wewe ukanijibu mimi ni mshamba, nina tamaa ya ng'ombe, unataka kumaliza shule."

"Hukunieleza sababu."

"Ningekueleza, ungemweleza mwenzako, na mwenzako angewaeleza ndugu zake. Nani angeleta hata mbuzi? Nilikupa amri. Amri ingekutosha kama ungekuwa na adabu."

"Baada ya Jeska tulisema tungojee kwanza tujenge," Eufrasia alisema. "Tulisema muda upo."

"Haukuwapo," Nyamburi alisema, akaongeza ulezi juu ya jiwe. "Sasa nenda ukawaambie. Waambie ni sisi. Utabaki na mumeo. Danford ana mabinti watatu, nao watazeekea hapa uani pangu. Na huyo wako atazeekea uani pa Wankyo. Lakini wewe utakuwa na nyumba."

---

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko viti. Wanaume wa ukoo waliketi mbele, ndugu wa mke, yaani Danford na mama yake, wakawekwa pembeni juani, na wanawake wa kijiji wakajipatia kazi ya kufanya karibu na hapo, kila mmoja na ungo au kapu ambalo halikuwa na haraka. Jeska alikuwa ameketi chini, ameegemea goti la bibi yake.

Wankyo alisema yake. Alisema vizuri, kwa mpango, bila kulia. Alieleza juu ya vitambaa visivyoanikwa, tumbo lisilopanda, jasho la ajabu, masomo, kozi, na safari za mjini. Alisema kwamba alimpokea mke huyu kwa vigelegele, akamfundisha kupika chakula cha nyumba hii, na malipo yake yamekuwa kuiona nyumba ya mwanawe ikikatwa kama mti wa kuni.

Mzee Wanzagi alimuuliza Felisian kama alijua lolote. Felisian alisema hajui lolote. Akaongeza kwamba mkewe amekwenda hospitali, na kwamba labda ni ugonjwa.

"Ni ugonjwa?" Wanzagi alimgeukia Eufrasia. "Sema ukweli, binti yangu. Mgonjwa hatumfukuzi. Kama kwenu mnalo jambo, liseme hapa, tulijue sisi na walijue watu wote."

Nyamburi aliinamisha kichwa. Danford, ambaye hakuwa amewahi kuambiwa chochote, alimtazama dada yake kwa matumaini, maana mahari ile ndiyo aliyooa nayo mkewe. Eufrasia alimtazama Jeska. Mtoto alikuwa akichezea upindo wa kanga ya bibi yake, naye hakuwa akisikiliza.

"Kwetu hakuna ugonjwa," Eufrasia alisema. "Nilimeza vidonge."

Watu walitazamana kama waliopewa walichokitaka na wasijue wakishike wapi.

"Vya nani?" Wanzagi aliuliza.

"Nilivinunua kwa mtu mjini. Nilichoka kulea. Nikavizidisha, kizazi kikafungika."

Felisian aliinuka. Kwa muda mfupi mkewe aliogopa kwamba atakataa, kwamba atasema anamjua, kwamba mwanamke huyu alilia kila mwezi uliopita bila mimba na yeye aliyasikia machozi hayo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

Alikuwa ameamini. Aliamini upesi, kama mtu anayepokea mzigo uliokwisha kufungwa tayari. Katika yote aliyotendewa siku ile, Eufrasia hakuona lililomdhalilisha kuliko hilo.

Hukumu ilitolewa kama ilivyotangazwa tangu mwanzo. Mama Stanislausi alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alikuwa amekwisha kusema. Danford alimwendea dada yake, akatema mate chini karibu na miguu yake, akamwambia kwamba atalala katika banda la mbuzi mpaka ng'ombe wa mwisho atakaporudishwa. Nyamburi alikaa palepale juani, kinywa kimefumba, kama alivyokifumba siku zote.

---

Wankyo aliingia ndani kukagua furushi. Alikuwa na haki hiyo, na hakuna haki aliyowahi kuisamehe. Alilifungua, akatoa sufuria, akatoa shuka, akalitazama gauni la kanisani, akaliacha. Eufrasia alikwenda mlangoni, akahakikisha kwamba hakuna mtu karibu, akaufunga.

"Unafunga nini? Nyumba hii si yako."

"Mama, sikumeza kidonge."

Wankyo alibaki ameishika sufuria.

"Ni sisi," Eufrasia alisema. "Mama yangu, mama mkubwa Kwangu, bibi yangu. Sote hukauka mapema. Wale wake mliooneshwa katika boma la Kwangu, hiyo ndiyo ilikuwa sababu yao. Mimi nimelijua wiki hii."

"Umewadanganya wazee."

"Ndiyo."

"Na mama yako alituuzia ng'ombe jike aliyekatika uzazi, akatuchekea." Wankyo aliutazama mlango. "Nitawaita warudi. Hawajafika mbali. Nitamwita Wanzagi amsikie Nyamburi kwa masikio yake."

"Mwite. Atatangaza, kama alivyosema. Nitabaki hapa, utanitazama kila siku. Halafu tutangojea wote wawili nani atakuja kumposa mjukuu wako."

Wankyo alipiga hatua kuelekea mlangoni, akasimama. Nje Jeska alisikika akimwita bibi yake, akiuliza kama anaweza kupewa kiporo. Mwanamke mzee aliiweka sufuria sakafuni, akaketi juu ya furushi lenyewe, akipiga hesabu ya mambo ambayo hakuwahi kuyatia katika hesabu zake. Alipoinua uso, haukuwa umelainika.

"Mtoto naye anayo?"

"Huenda anayo, huenda hana. Daktari hawezi kuona. Lakini lazima aambiwe. Mimi sikuambiwa, niliamriwa tu, nikakataa. Aelezwe sababu. Aelezwe kwamba asichelewe, kwamba ikikoma mapema si dhambi wala si uchawi, ni damu ya mama zake. Mimi sitakuwapo. Aliyebaki ni wewe."

"Unaniachia kazi yako."

"Sina mwingine."

"Ungeweza kumwambia mumeo."

"Angemwambia padri, na padri angemwambia afanye lililo haki, naye angelifanya."

Hapo Wankyo nusura acheke, lakini alijizuia. Aliuliza ni lini. Eufrasia alisema mtoto atakapoona damu yake ya kwanza, si kabla. Akaomba pia amalize darasa la saba. Wankyo alijibu kwamba hilo la shule hakuulizwa, na hakuliahidi. Kisha akasema, polepole, kama anayejifunza maneno ya lugha ngeni, kwamba siku ya damu ya kwanza atamweleza, na atamweleza pamoja na sababu.

"Utamweleza kwamba sikumeza?"

"Hilo nitaliangalia wakati huo. Sikupendi, mke wa Felisian. Sikukupenda ulipokuja na vitabu vyako, na leo nimepata sababu zaidi. Mmenidanganya mara mbili, mama mtu na binti mtu."

"Najua."

"Inuka, basi. Futa uso. Ukitoka umelia watasema umeonewa, na wakisema umeonewa wataanza kuuliza."

Eufrasia aliufuta uso kwa kiganja. Wankyo aliufungua mlango ukagonga ukuta kwa kishindo, akalitupa furushi nje ya kizingiti, likafunguka, na gauni la kanisani likalala vumbini mbele ya macho ya kijiji kizima.

Alimsindikiza kwa matusi. Alimwita muuaji wa watoto wasiozaliwa. Alimwita mwanamke aliyeliuza tumbo lake kwa kidonge. Alimtaja kwa vidonge vyake mbele ya kila nyumba katika mstari ule, kwa sauti iliyopasuka na kuanza tena, na palipokuwa na mtu aliyesimama mlangoni alisimama naye, akamsimulia upya, mpaka hakukubaki hata mmoja ambaye angeweza kulidhania jambo jingine. Wanawake walishangaa, maana hawakuwahi kumsikia akitumia maneno kama hayo. Walisema chuki ya mama huyu haina dawa.

Eufrasia alikwenda mbele yake bila kugeuka. Alilisikiliza kila tusi mpaka mwisho, na lilipoelekea kupungua alipunguza mwendo, ili lifike nyumba iliyofuata.

Jeska alikuwa amewafuata. Mwisho wa mstari, pale njia inapoteremka kuelekea barabara ya Butiama, aliuachia mkono wa bibi yake, akaokota bonge la udongo, akamrushia mama yake mgongoni.